Uhusiano na Mgonjwa

Fomu ina kisanduku kidogo,
hakitoshi hata kuzika sisimizi:
*Uhusiano wako na mgonjwa.*
Kijana wa mapokezi anagonga kalamu mezani.
Si mama. Si shangazi. Si mkwe.
"Jirani, basi?" ananisaidia.
Jirani ni mtu wa kuazima chumvi.

Huyu Bi Barke, aliyelazwa kitanda cha dirishani,
aliuza mofa mtaani kwetu Mkomani miaka arobaini,
na mitatu kati ya hiyo
hakumpa mama yangu hata salamu.
Kisa, jogoo. Jogoo wake alivuka wikio,
akaingia jikoni kwetu, hakurudi.
Mama aliapa hamjui.
Mchuzi ulinukia hadi Langoni.

Wikio likabaki juu ya kichochoro,
daraja la boriti na chokaa baina ya nyumba mbili,
chini punda wakipita na mchanga,
juu buibui wakitanda nyuzi,
mguu wa mtu hakuna.

Kisha usiku wangu mimi.
Mama kwenye ulili, chumba cha ndani,
amekaza meno kwenye pindo la leso,
zidaka zote ukutani zikimtazama.
Mkunga amekwama Matondoni, maji yamekupwa.
Waliokuwa barazani husimulia
walisikia mtu akipiga kite.
Kisha wakasikia kite cha pili,
kizito kuliko cha kwanza, nyuma ya ukuta,
wakadhani wanazaa wawili.

Bi Barke hajazaa maishani.
Alikuwa akikanda unga.
Alivuka wikio, unga viwikoni,
akapasua utando wa buibui kwa uso wake,
akaketi nyuma ya mama, kifua kwa mgongo,
akaguna naye mpaka alfajiri.
Nilipotoka, neno la kwanza nililoambiwa duniani
lilikuwa: "Ana kichwa cha jogoo."

Darasa la saba nililikuta kwenye kamusi ya shule.
*Kite: mlio wa mtu mwenye uchungu.*
Na chini yake, kama mpangaji aliyejibanza asidaiwe kodi:
*kite: mapenzi, imani ya mtu kwa mtu.*
Nikamwendea. Vipi neno moja lina nyumba mbili?
Alikuwa akigeuza mofa, macho mekundu kwa moshi.
"Mbili zipi? Kuna wikio.
Sauti ilitangulia. Mtu aliumwa, akaguna.
Akatokea wa pili, haumwi, naye akaguna.
Waliosikia wakakosa la kumwita huyo wa pili,
wakauacha mlio wake uwe jina.
Ndoo hapa, shika sinia, mkate waungua."

Sijui kama wataalamu wangekubali.
Ajuaye asili ya neno ni aliyekuwapo likizaliwa,
na hao wote tumewazika.
Nijualo ni kwamba arobaini yangu haikutimia
wakagombana tena, mara hii maji ya birika,
na kwamba buibui hawakupata tena kazi kwenye wikio.

Mama alipofariki, Bi Barke hakulia.
Aliguna mara moja tu,
kama mtu anayejitwika gunia.

Naandika: *kite*.
Kijana analisoma kwa lugha aliyofundishwa shuleni,
anacheka. "Tiara? Mgonjwa ni tiara yako?"
Nataka kukasirika, nashindwa.
Tangu juzi upepo umempandisha juu mno,
na vidole vyangu vinauma.
"Ndiyo," namwambia. "Uzi ninao mimi."

Anachukua kifutio.
Ndipo sauti inatoka wodini, nene, ya chini,
na kabla sijauliza ni nani
kifua changu kimekwisha kujibu.

Kijana anainua uso.
Anatazama mlango, ananitazama mimi,
anaweka kifutio kando,
anauliza namba yangu ya simu.